Nguo za Jengo Zima

Zilikuwa zimebaki siku mbili yeye na mumewe warudi kwao, na Mama Pasi hakujua akae wapi, asimame wapi. Kwao alikuwa akiwafulia na kuwapigia watu pasi kwa miaka thelathini, mtaa mzima, na jina lile alipewa huko. Hapa ugenini, ghorofa ya tano kwa binti yake mkubwa, mashine ilifua na mashine ikakausha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alimkumbusha binti, na hii ilikuwa siku ya kumi na mbili bila jembe. Mumewe, ambaye tangu wafike alikuwa amehamia kwenye kochi, alimwita kiguu na njia.

Lakini si kazi iliyomnyima raha. Mwaka uliopita binti aliugua homa siku tano, peke yake, mlango umefungwa, na wazazi wakaja kuambiwa alipokwisha kupona. Mama Pasi alitaka kuona kwa macho yake ni nani angegonga mlango ule mtoto akiugua tena. Siku kumi na mbili, hakugonga mtu. Kwenye ngazi alisalimia kwa kichwa, kwa mkono, hata kwa nyusi. Watu walitazama viatu vyao wakapita. Binti alisema huku kila mtu na lake, naye ameshazoea. Mama alitamani kumtia kwenye sanduku arudi naye.

Siku ile binti yuko kazini na baba anakoroma, Mama Pasi alipanda darini kupunga upepo. Huko alikuta kamba sita zimejaa nguo za majirani, na wingu zito linakuja. Akangoja wenyewe watoke. Hakutoka mtu. Sasa jamani, mtu mzima na akili zake aone mvua inayafuata mashuka ya mwenzake, asianue? Kwao asiyeanua ndiye anayesutwa. Akaanua kila kitu mpaka soksi, akashuka nazo kwa safari nne, akaitoa pasi ya binti kabatini. Mikono yake ikatulia kidogo.

Alikuwa kwenye shati la mwisho alipokumbuka kwamba hajui nguo ipi ni ya nani.

Binti aliporudi alimkuta mlinzi wa jengo ngazini, na watu wakiuliza ni mwizi gani anayeiba mpaka soksi za watoto. Akafungua mlango, akaona marundo mezani, kitandani na juu ya magoti ya baba yake.

"Mama, umenimaliza," alisema, akakaa chini sakafuni.

Alitaka wazirudishe kwenye kamba kimyakimya, mtu asijue zilikuwa kwake. Baba akaunga mkono. Mama Pasi aliona aibu, na alikuwa tayari kukubali, ila mlango ulikuwa umeachwa wazi. Mwanamke wa chumba cha jirani, akipita kutafuta mashuka yake, aliyaona akiwa pale pale nje.

Aliingia na hasira, akasema mengi kwa lugha ya nchi ile. Binti akamweleza habari ya mvua. Mwanamke akachukua shuka moja, akapapasa mikunjo yake, sauti ikashuka. Kisha akamtazama binti, akasema sentensi moja, akaondoka na mashuka yake. Binti hakuitafsiri.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema miaka yote minne alidhani chumba hiki hakina mtu."

Mama Pasi akautazama ukuta. Siku tano za homa, na kati yao ukuta mmoja tu. Hakulia. Alimwinua mwanawe, akamjaza mashati mikononi mpaka kidevuni.

"Hazirudi juu hizi. Tunapita mlango kwa mlango, na wewe ndiye utakayegonga."

"Watanikasirikia, Mama."

"Wakukasirikie."

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mzee aliyekunja uso kama amelamba ndimu. Binti aliongea kwa muda mrefu. Katika maneno yote yale, mama aliyesimama nyuma yake alielewa moja tu, nalo lilikuwa jina la mwanawe.