Nyumba Aliyoimaliza kwa Maneno

Kiwanjani kwetu Goba boma la nyumba tunayojenga limeishia kwenye lenta, halina paa, majani yameota mpaka vyumbani, na bwana wangu kila nikimuuliza ananiambia nivute subira. Sie bado wapangaji hapa Kipawa. Halafu nikaja kugundua kumbe mwenzangu nyumba ameshamaliza, tena ina baraza. Imo ndani ya gemu.

Na gemu lenyewe halina hata picha. Maandishi matupu kwenye skrini nyeusi: uko pangoni, mlango uko kaskazini, unaandika unakotaka kwenda, na ukitaka nyumba unaijenga kwa kuielezea. Akianza kulisifia hamalizi. Anasema magemu ya namna hiyo yalianzishwa na wanafunzi wa chuo huko Uingereza, enzi za watu wengi kutumia kompyuta moja, na haya ambayo vijana wanacheza leo na watu wa mbali yametokea humo. Sibishi. Kinachoniuma ni kwamba humo ana mwenzake, mwanamke wa Kanada. Wanazunguka wote mapangoni, wanaua majoka, wanapongezana. Mie akinisindikiza sokoni anaangalia saa.

"Yaani unaonea wivu maandishi?" aliniuliza huku anacheka. Ndiyo, naona wivu. Maneno anayomwandikia yule, mie sijaambiwa tangu uchumba.

Jumamosi moja alipokwenda kunyoa, nikakaa kwenye kompyuta yake, nikajiandikisha kwa jina la uongo. Nilitaka kuiona hiyo nyumba, na huyo mtu nikimkuta nimpe vidonge vyake. Nikatafuta njia mpaka mlangoni. Maelezo aliyoyaandika bwana wangu yakatokea: mkeka sebuleni, dirisha kubwa upande wa upepo, jiko linalotazama bustani. Jiko lile nililichora mie, kabla hatujaoana, nikamwambia hapo ndipo nitakapopikia. Roho ikaniuma kwelikweli.

Kwenye gemu hilo watu wanaingia tu, hakuna anayebisha. Lakini mie nimelelewa Mbagala na mama asiyekubali uvuke kizingiti cha mtu hujakaribishwa. Pamoja na hasira zote zile, nikajikuta nimeandika: Hodi.

Jibu likaja hapohapo, kutoka kwa yule wa Kanada, kwa Kiswahili alichofundishwa na mume wangu: "Karibu, mgeni. Mwenye nyumba ametoka. Vua viatu hapo mlangoni."

Matusi niliyokuja nayo yalikuwa tayari vidoleni. Nikaandika kwamba nimevua.