Miche ya Baba Chini ya Nyasi

Enzi zetu pale Usoke, usanisinuru tuliuimba darasani mpaka ukatoka puani: mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa. Mimi ndiye niliyeimba vizuri kuliko wote. Mwalimu alinisimamisha mbele, wenzangu wakanipigia makofi, nami nikavimba kichwa. Kumbe ovyo tu, kasuku mwenye sketi.

Mwaka huo huo baba alipata msiba Usinge, akaniachia kitalu cha tumbaku, tegemeo letu la msimu mzima. Miche ilikuwa imechomoza chini ya matandazo ya nyasi. Maagizo yalikuwa mepesi: kila asubuhi nipunguze nyasi kidogo, miche ilizoee jua. Nikamwagilia, nyasi sikuzigusa. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza rede, na nikajidanganya kwamba kivuli ni huruma.

Baba aliporudi baada ya wiki, alifunua. Miche ilikuwa ya njano, mirefu, myembamba kama uzi, imelala chini. Nikamwambia niliihurumia, jua lilikuwa kali. Kiboko nilikingoja, hakikuja.

"Shuleni wanakufundisha mmea unakula nini?" aliuliza.

Nikaimba yote, bila kukosea hata neno.

"Basi umeilaza na njaa," akasema, akachukua ungo, akaenda kuomba miche iliyobakia kwa majirani, nyumba kwa nyumba, mtu mzima yule. Mimi nilifuata nyuma, natamani ardhi inimeze.

Sasa nipo Isevya, nakaa na mtoto wa kaka yangu, msomi wa chuo, simu haimtoki mkononi. Juzi nimemkuta amefunika kitalu chake cha nyanya kwa turubai jeusi, siku ya tano hiyo, na bado anaongeza mbolea. Vijana wa siku hizi, bwana! Nikafunua. Miche njano tupu. Nilikuwa na matusi ya kutosha mtaa mzima.

"Niliihurumia, shangazi," akasema. "Jua kali."

Maneno yangu yale yale; matusi nikayaacha. Nikalikunja turubai, nikidhani angalau atainamisha kichwa. Wapi! Alishatoa simu, anaagiza miche mingine, italetwa na bodaboda kesho. Hakuna mlango atakaobisha hodi. Baba yangu alibisha kumi na mmoja, na kwenye kila mlango alisema kosa ni lake, si langu.