Amina ya Mapema

Fundi wa makochi ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini mtaani halijulikani. Wote humwita Mapema. Mteja mgeni akilisikia hufurahi, akidhani amepata fundi anayemaliza kazi kabla ya siku ya ahadi. Akirudi na kukuta kochi lake bado limevuliwa kitambaa, springi ziko nje, hucheka mwenyewe akaondoka.

Jina lilitoka kanisa kuu. Enzi za ujana wake fundi aliimba sauti ya nne katika kwaya. Siku ya kusimikwa askofu, wimbo wa mwisho ulikuwa na kimya kirefu kabla ya Amina. Mwalimu wa kwaya aliinua mkono akauacha juu, na kwaya nzima ilitakiwa isubiri mpaka ushuke. Kijana hakusubiri. Amina yake ilitoka peke yake, nene, ikapanda hadi darini na kurudi. Askofu aligeuka kutazama. Baada ya ibada Mwalimu alimwambia tu kwamba ameingia mapema, na kabla hawajavua majoho wenzake walikwisha kumbatiza upya. Akaoa na jina hilo. Binti yake alipoposwa, wakwe walimwita Mzee Mapema kwa heshima zote, naye akaitika.

Kwaya ile ilitawanyika zamani. Waliobaki wana kundi la simu ambamo hupeana habari: nani amefiwa, nani amepandishwa cheo, nani amenenepa mpaka picha haimtoshi. Anayeliendesha ni Mhasibu, aliyekuwa sauti ya tatu na bingwa wa kutania watu. Ndiye aliyetangaza kwamba watakutana katika ukumbi wa kanisa kuu, kwamba Mwalimu ataletwa, na kwamba ataongoza wimbo ule ule.

Fundi alisoma tangazo akiwa na misumari midogo mdomoni. Aliitema kiganjani, akasoma tena. Alimwambia mkewe, ambaye hushona foronya za makochi hayo, kwamba akiingia sawasawa mara moja tu, mbele ya Mwalimu na wote waliomcheka, jina lile litaisha. Mkewe alisema yeye amelizoea, ila kama linamwuma, basi wafanye mazoezi. Ikawa mke akiinua mkasi, mume ananyamaza, akiushusha, Amina. Mara nyingine mke alimalizia kwanza pindo huku mkasi uko juu, na fundi akasubiri, mishipa ya shingo imemsimama. Hakukosea hata mara moja.

Ukumbini watu walikumbatiana na kupimana kwa macho. Aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote sasa alikohoa tu, na wenzake walimpa pole huku wakitazamana. Fundi alikuwa amenyoosha shati lake jeupe mpaka likasimama lenyewe. Mhasibu alimpokea mlangoni na kumwuliza kwa nini amechelewa, maana walimtarajia tangu jana. Wakacheka. Fundi naye akacheka.

Mwalimu aliingia akiongozwa na binti yake. Macho yalikuwa yamefifia, nyuso za watu hakuziona vizuri, na binti alikuwa ameomba asichoshwe, kwa sababu siku hizi husahau mambo na akigundua kwamba amesahau hulia. Wakati fundi akimtengenezea mzee kiti, Mhasibu alipita kati ya watu akinong'ona: mkono ukishuka, kila mtu anyamaze, wamwachie Mapema Amina yake. Nesi, aliyekuwa sauti ya pili, alisema kwamba yule ni mtu mzima mwenye wajukuu. Mhasibu alimwambia, "Dada, tumekuja kucheka, hatujaja kuzika." Nesi akaenda kusimama mahali pake.

Wakaimba. Mwalimu alisimama wima kama zamani. Ilipofika mahali pa kimya aliinua mkono, akauacha juu, na fundi akaukazia macho. Mkono ukashuka.

"Amina," fundi aliimba, peke yake.

Kicheko kilizuka ukumbi mzima. Wengine waliinama wakishika mbavu. Mwalimu hakucheka. Aliutazama mkono wake.

"Nimeushusha?" aliuliza.

"Bado, Mwalimu," Mhasibu alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Ni Mapema yule yule."

"Mbona nilidhani nimeushusha."

Kicheko kikapungua. Fundi akasema, "Uliushusha, Mwalimu. Nilikuwa nautazama."

"Kubali tu, Mapema," mtu alisema kutoka nyuma, na wakacheka tena, kidogo.

Mwalimu alimwita Nesi kwa sauti, maana hakumwona alipo. Alimwambia, "Binti yangu, wewe hukuwahi kunidanganya. Mkono ulishuka?"

Nesi alimtazama Mhasibu. Akautazama mstari mzima wa watu aliokuwa amekumbatiana nao muda mfupi uliopita.

"Haukushuka, Mwalimu," alisema.

Mzee aliketi. Aliuweka mkono wa kulia mapajani na kuufunika kwa wa kushoto, akasema mtu mwingine aongoze, maana sasa hata mkono unamdanganya. Fundi alichuchumaa mbele yake. Alimwambia polepole, karibu na sikio, kwamba mkono ulishuka, kwamba wenzao wamefanya mzaha, kwamba yeye ameingia sawasawa.

Mwalimu alimpapasa kichwa. "Asante kwa kunibembeleza, mwanangu," alisema. "Lakini wewe ni Mapema. Nikuulize wewe?"

Mhasibu aliongoza. Fundi alirudi mahali pake akasimama midomo imefungwa, kama mtu aliyebana misumari. Kimya kikaja, mkono ukashuka, na wote wakaingia pamoja, vizuri mno, hata wakapigiana makofi. Binti, aliyekuwa akisubiri nje, aliingia akamsaidia baba yake kuvaa koti. Mzee alianza kulia kabla hawajafika mlangoni.

Nyumbani mke alikuwa bado kwenye cherehani. Aliuliza mambo yamekwendaje.

"Niliingia sawasawa."

"Sasa wanakuitaje?"

Fundi alivua shati jeupe, akalitundika. Akachukua nyundo, akajaza misumari mdomoni, akainamia kochi la mteja.