Maandishi Ubavuni mwa Mashine

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka hata suruali ichanike kwingine kote. Alipofiwa na mumewe aliendelea kukaa na mama mkwe wake, bibi aliyekula chumvi nyingi na ambaye macho yalikuwa yamemtupa mkono. Walipendana kwa kugombana.

Shemeji yake alitaka ghala la zamani lisafishwe ili afuge kuku, na Mama Pindo ndiye aliyeingia kutoa takataka. Nyuma ya vitanda vibovu akakuta sanduku kubwa la mbao, lenye gurudumu na mkono wa chuma wa kuzungushia. Akamleta bibi. Bibi akalipapasa, vidole vikafika kwenye ule mkono, akacheka kama msichana.

"Mashine ya kupepetea nafaka hii! Baba yenu aliinunua kwenye shamba lililofungwa, kabla hajanioa. Yeye anamimina, mimi nazungusha, makapi yote yananijia usoni. Nikamwambia, kama ulitaka punda, ungeoa punda."

"Ilitengenezwa wapi, mama?"

"Imeandikwa hapo ubavuni. Mimi kusoma sijui, mwanangu."

Ubavuni palikuwa na vumbi lililogandamana na mafuta, na herufi zilionekana kwa mbali tu. Tangu hapo Mama Pindo hakuwa na habari nyingine. Wateja walikuta cherehani imefunikwa. Alikwenda mpaka makumbusho. Mtaalamu alimsikiliza, akaahidi kuja kuitazama, ila akasema bila jina la kiwanda itakuwa kazi kujua ilikotoka.

Basi akachukua beseni, sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Uchafu ukatoka. Herufi zikachomoza, nyekundu zenye kivuli cha dhahabu, juu ya mchoro wa suke.

"Mama, jina linatokeza!"

Akakimbilia ndani kutafuta miwani, asije akakosea hata herufi moja. Aliporudi, ubavu ulikuwa umeanza kukauka na rangi inabanduka, vipande vinadondokea kwenye beseni. Akajaribu kuvibana kwa kiganja. Vikabaki kiganjani.

"Limeandikwaje?" bibi akauliza.

"Bado sijasoma, mama."

Mtaalamu alikuja kama alivyoahidi. Alibonyeza mguu wa mashine, kidole kikazama. Mchwa walikuwa wamemaliza kila kitu ndani. Akatazama ubavu uliokwanguka.

"Uchafu ule ndio uliokuwa umeishikilia rangi," alisema.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Mbao zenyewe zisingedumu, mama." Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma. Makumbusho hawakuweza kuichukua.

Shemeji alimwonea huruma, akakubali waihamishie barazani. Waliinyanyua pamoja. Katikati ya uwanja ikakatika kiunoni, ikamwaga unga wa mbao miguuni mwao. Shemeji akasimama na kipande chake mikononi, hajui akiweke wapi. Wiki hiyohiyo chuma kikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, mbao zikatupwa.

Mama Pindo alibaki na vipande vya rangi ndani ya kopo. Alivitandaza juu ya kitambaa cheupe, akavipanga, akavipangua. Maisha yake yote alikuwa ameunganisha vipande, lakini hivi havikuwa na ukingo wa kufuata. Hakupata hata herufi moja nzima. Bibi, aliyemsikia akihangaika na kopo lile, aliacha kuuliza jina. Akaanza kulala mapema, asilisikie.