Ngata ya Bibi, Goti la Babu

Ilianza Jumamosi, saa kumi na nusu jioni. Mimi nilikuwa chini ya mkaratusi nimeshika ngazi, babu yuko juu, anasema "aah" kwa sauti ndogo aliyodhani siisikii.

Babu ni baba yake mama. Enzi zake alikuwa fundi wa nguzo za simu, na ule mkanda aliokuwa akijifungia kwenye nguzo bado anao. Siku hizi anaufunga kwenye mkaratusi ulio mwisho wa shamba lake, nje kidogo ya Kizwite. Anaukalia kama bembea, miguu kwenye kibao alichokipigilia, magoti yameegemea shina, upinde mkononi, anawangoja nguruwe pori wanaomaliza mahindi. Dungu la kulindia shamba tulikuwa nalo, ila nguruwe walishalizoea, wakawa wanalipita kama wanapita kwa jirani. Mtu aliyening'inia mtini hawamtambui.

Shida ni goti la kulia. Na mama alishasema, tulipotoka naye nyumbani kwetu Mazwi, mjini, asubuhi ile: "Kesho baba akishindwa kupiga magoti, basi. Anahamia kwangu mjini, shamba atalima mjomba wako." Mama humpimia babu goti kanisani. Wakati wa mageuzo, padri anapoinua mkate na divai, huwa anachungulia kutoka upande wa wanawake, aone kama babu atashuka sakafuni na kuinuka bila kushika benchi. Jumapili iliyopita alishika benchi.

Nitasema ukweli, sikuwa namhurumia babu tu. Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, nasimama halafu mdomo unagoma. Kwa babu naongea mpaka ananiomba nipumzike. Akihamia mjini atakaa sebuleni na watu wote, mbele ya televisheni, na mimi nitarudi kuwa bubu hata kwake.

"Babu, goti?" nikamuuliza.

"Goti lipi?"

"Hilo linalosema aah."

"Huo ni mti, mke wangu. Mikaratusi hulia."

Nikakimbia nyumbani kwake. Nyuma ya mlango wa jikoni inaning'inia ngata ya marehemu bibi, ya majani yaliyosokotwa na kuzungushiwa vipande vya kanga, imekuwa nyeusi kwa moshi. Tangu bibi afariki hakuna aliyeiweka kichwani. Mama alikuwa anapepeta ulezi uani.

"Unaipeleka wapi hiyo?"

"Kuna mzigo," nikajibu. Sikudanganya.

Babu alipoiona alitaka kushuka. "Mwanaume na ngata! Watani zangu wakinikuta nayo nitahama mkoa."

"Nguruwe hawasemi, babu."

Nikapanda ngazi, nikamfunga nayo gotini, nikakaza kwelikweli. Nikashuka, nikakaa kwenye tuta. Haukupita muda akaniita kwa kunong'ona. "Mke wangu, mguu umeondoka."

"Umekwenda wapi?"

"Sijui. Siusikii."

Ulikuwa umekufa ganzi. Nikapanda tena, nikafungua, babu akaupigapiga kwa ngumi huku ganzi ikimtekenya, na sote tumeziba midomo tusicheke kwa nguvu.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Mwanamke gani hufunga ngata kichwani? Ngata hushikwa na mzigo wenyewe. Basi nikaitoa kwenye goti, nikaifunga kwenye shina kwa kamba ya katani, pale pale goti linapogusa. Babu akaegemea. Kisha akasema, "Kumbe."

Lakini bado alikuwa amejibana. Kamba ya mkanda iliyomshikilia ilikuwa fupi mno, inamvuta kwenye mti, na uzito wote unaishia magotini.

"Babu, mbona umejifunga karibu hivyo? Mti utakukimbia?"

Aliyatazama mahindi kwanza. "Zamani nilikuwa nalegeza, naegemea nyuma kabisa, kama nimelala. Siku hizi naogopa."

Sikuwahi kumsikia babu akisema anaogopa kitu. Nikamwambia, "Mimi nipo hapa chini."

"Utanidaka?"

"Hapana. Nitapiga kelele."

"Wewe? Kelele?" Akacheka mpaka kibao kikatikisika. Kisha akailegeza kamba, kidogo, tena kidogo, mpaka uzito ukahamia kwenye makalio na nyayo. Magoti yakabaki kugusa ile ngata tu. Akanyoosha mguu mmoja, akaurudisha, akanyoosha wa pili.

Baridi ya kwetu ilianza kushuka. Jua likazama, na bado kulikuwa na mwanga kidogo niliposikia mabua yakivunjika upande wa kijito. Wamekuja. Nikainua uso nimwashirie babu.

Babu alikuwa anakoroma.

Mkoromo wa kwanza, nguruwe wakasimama. Wa pili, wakageuka wote na kutimka walikotoka.

"Babu!"

"Eeh? Wamefika?"

"Wamefika na wameondoka. Umewakoromea."

Akafikiri. "Basi hata mshale sijapoteza." Kabla hajashuka aliifungua ngata mwenyewe, akainusa, akaishika mkononi njia nzima. Karibu na nyumba akanirudishia. "Huyu bibi yako alibeba maji miaka yote hiyo," akasema, "na leo kanibeba na mimi."

Kutembea alitembea vizuri. Ila saruji ya kanisani si mti. Usiku ule niliiviringisha ngata ndani ya kanga yangu.

Asubuhi, kengele ya mageuzo ilipolia, watu wote walishuka magotini. Babu peke yake alibaki amesimama upande wa wanaume, anaitazama sakafu. Benchi lilikuwa mbele yake, mkono wake umeshaanza kulitafuta. Mama alikuwa ameshageuza shingo. Nikasimama. Mimi, ambaye huchelewa kwenda mbele kukomunika kwa kuogopa kutazamwa, nilivuka njia ya katikati kanisa zima likiniona, nikainama, nikaiweka ngata sakafuni mbele ya goti la kulia.

"Watani wapo," babu akanong'ona.

"Waache."

Akashuka. Nikapiga magoti pale pale kando yake, kati ya wanaume, na tulipoinuka, mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani. Niligeuka nikamwona mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko, na machozi yanamtoka akiitazama ngata ya mama yake. Akaniitikia kwa kichwa mara moja: haya, abaki shambani.

Nikaiokota, nikaikung'uta vumbi, nikarudi mahali pangu kwa njia ile ile ya katikati.