Mwarobaini na Gari Jipya

Niliyoyasikia juzi kituo cha afya hapa Ibra, mpaka leo siamini. Muuguzi alimpima bibi mmoja presha mara mbili, akaguna. "Bibi, dawa umeacha?"

"Sijaacha, mwanangu. Mwarobaini wa uani ndio umekatwa. Kutwa nilikuwa nakaa pale, napata upepo na majirani. Sasa nimo ndani peke yangu na kiyoyozi."

Mwanawe, mtu mzima, alikuwa nyuma yake anachezesha ufunguo. "Majani yakichafua gari. Daktari aandike dawa yoyote, wallahi nitaifuata hata Maskati."

Mimi sijui kumung'unya maneno. Nikamwuliza: "Na gari, presha yake ngapi?"

Akainama. Mama yake ndiye aliyenigeukia, mkali: "Mwache mwanangu! Gari lenyewe jipya."