Viatu Juu ya Sakafu

Alhamisi hiyo Ghislaine Tessereau aliamka na hasira, wala hakujaribu kuificha. Ana miaka hamsini na minane, ni mjane, na kuanzia masika hadi majani yanapopukutika huongoza watalii wa baiskeli kando ya mto Loire, kutoka Saumur kuelekea Gennes. Baiskeli haimchoshi. Kilichomchosha ni klabu ya kijijini kwake.

Ndani ya klabu mna sakafu ndefu, nyororo, iliyoinuka kingo zote mbili kama mfereji. Juu yake wanaume huviringisha matufe yaliyo mazito upande mmoja, wakilenga kitufe kidogo cha shabaha. Hapakanyagwi kwa viatu. Kila mchezaji ana sapatu zake laini kwenye rafu ya mlangoni. Baba yake Ghislaine alikuwa nazo, mumewe vilevile. Yeye aliruhusiwa kuleta kahawa tu. Hata alipopiga magoti majira yote ya baridi akiipaka sakafu rangi, ombi lake la uanachama lilikataliwa. Mwaka huu limekubaliwa, kwa shingo upande. Mechi yake ya kwanza ilikuwa saa kumi na moja jioni, na anayechelewa huhesabiwa ameshindwa. Fulgence Bompas, mwenyekiti, alishasema kwenye baa: "Atachelewa. Mtaona."

Watalii walikuwa sita. Mzee Hennequin, wakili mstaafu wa Lille, alisimama kila penye ukuta wa mawe.

"Mama, hili jumba ni la mfalme gani?"

"Amekufa. Panda baiskeli."

Mchana bosi wake, Régis, akapiga simu. "Ghislaine mpenzi, wapitishe na kwenye mapango yanamolimwa uyoga."

"Jana ulisema hatupiti."

"Leo nasema mnapita."

Walipita. Hennequin aliuliza habari za kila uyoga. Walipotoka, upepo wa magharibi ulikuwa ukiwapiga usoni, na jua limeshageuka. Ghislaine akashuka baiskeli.

"Nisikilizeni. Mto mkono wa kulia, mwamba mkono wa kushoto. Hata mbuzi hawezi kupotea. Hoteli yenu iko kabla ya daraja la Gennes. Mimi nina mechi."

"Na bosi wako?" akauliza Hennequin.

"Mwambieni nimeingia pangoni."

Alikanyaga pedali akitukana upepo, Régis na Fulgence kwa zamu. Mlangoni mwa klabu aliitupa baiskeli, akaingia mbio, akamwona Fulgence akitazama saa ya ukutani: kumi na moja kasoro dakika mbili. Akamwendea moja kwa moja. Chuma cha soli ya kiatu chake cha baiskeli kikalia juu ya sakafu.

Wote wakainama kutazama. Mkwaruzo ulikuwa na urefu wa kidole.

"Mmeona sasa?" Fulgence akawageukia wenzake. "Nenda nyumbani, mama. Umekwaruza sakafu, mechi imekwisha."

Ghislaine akavua viatu, akavishika mkononi.

"Yvon, ulipoingia hapa na mabuti ya tope ukimfukuza paka, ulitozwa nini?"

Yvon, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyekuwa mpinzani wake siku hiyo. Akajikuna shingo. "Chupa ya divai. Tukainywa wote."

"Mechi ulinyang'anywa?"

"Nilicheza. Nikashinda pia."

"Hiyo faini ni ya wanachama," Fulgence akadakia.

"Na mimi ni nani, Fulgence?"

Akawatazama wenzake, hakuna aliyemsaidia.

"Sema! Mimi ni nani humu?"

"Mwanachama," akasema, kana kwamba anatema kokwa.

"Chupa nitaleta. Mkwaruzo nitaupaka rangi mwenyewe, maana sijawahi kukuona na brashi."

Akavaa sapatu zake mpya, akachukua tufe. Mkono ulikuwa bado na hasira. Akalisukuma kwa nguvu mno, likapita mbali na shabaha, likagonga ubao wa mwisho. Fulgence akacheka.

"Cheka," akasema Ghislaine, akiokota la pili. "Lakini sogea, umesimama njiani mwangu."